Gari la Maksai Halibebi Watu: Kuwafundisha Watoto Safari ya Oregon

SWALI: Nafundisha darasa la Kiswahili la Jumamosi hapa Portland, Oregon. Watoto ni kama ishirini, umri miaka 9 hadi 12, wengi wazazi wao wametoka Kivu, Burundi na Kenya. Shuleni kwao wanasomeshwa habari za watu waliokuja Oregon kutoka Missouri kwa magari ya ng'ombe, katikati ya karne ya 19, lakini wakirudi nyumbani wanachokumbuka ni kofia na farasi. Nina Jumamosi tatu, kila moja saa mbili za kipindi. Nianzie wapi, na nifanyeje yasiishie kuwa maigizo?

JIBU: Anzia kwenye mzigo, mwalimu. Ramani ije baadaye, na kofia zisije kabisa. Mtoto akishajua gari lilibeba nini na lilikwenda mwendo gani, maswali mengine atayajibu mwenyewe kwa hesabu: kwa nini watu waliondoka Mei, kwa nini walitembea kwa miguu, kwa nini vitu vya thamani vilitupwa njiani.

Lakini kabla ya mzigo, amua maneno, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake hapa. "Painia" mtoto amelisikia kanisani kwa maana nyingine. "Mlowezi" kwa aliyelelewa Kenya linanuka mashamba ya Wazungu ya Nyanda za Juu, na si kosa linuke hivyo. Njia rahisi ni kuwaita watu hawa wahamiaji muda wote wakiwa njiani, kisha siku wanapopigilia vigingi vya mpaka kwenye ardhi ya Oregon, waite walowezi. Watoto watauliza kwa nini jina limebadilika, na hapo Jumamosi ya tatu itakuwa imefunguka yenyewe. "Wahindi Wekundu" liache. Kwetu Mhindi ni mtu wa Bara Hindi, na wenyewe wanaoitwa hivyo hawalipendi. Sema wenyeji, kisha taja taifa lenyewe: Wapawnee, Walakota, Washoshone, Wacayuse, Wakalapuya. Na sema "gari la maksai". Ukisema mkokoteni, mtoto wa Bukavu ataona mtu anasukuma madumu ya maji.

Jumamosi ya kwanza, bandika sakafuni mstatili wa mita 3 kwa mita 1.2 kwa utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, usioacha gundi sakafuni. Hilo ndilo bodi la gari la kawaida la njia ya Oregon. Mbao za ubavuni zilikuwa na kimo cha sentimita 60 hadi 90 hivi. Vitabu vingi vya watoto huchora gari refu lililobenuka kama jahazi, linalovutwa na farasi sita. Hilo ni gari la mizigo la Pennsylvania, zito mno kwa safari hii. Wahamiaji wengi walitumia gari dogo la shambani lililoimarishwa, likivutwa na maksai wanne au sita, yaani nira mbili au tatu. Maksai walipendwa kwa sababu waligharimu kidogo kuliko nyumbu, walishiba nyasi za njiani, na hawakuvutia wezi kama farasi.

Mzigo wa gari hilo ulikuwa kama kilo 900 hadi 1,100. Kwa darasa, weka kikomo cha kilo 1,000 ili hesabu iwe nyepesi. Kisha wape posho ya chakula. Mwaka 1859 Kapteni Randolph Marcy wa jeshi la Marekani aliwaandikia wahamiaji mwongozo, na kwa mtu mzima mmoja, kwa siku 110, aliagiza unga paundi 150, nyama ya nguruwe iliyokaushwa paundi 25, kahawa paundi 15 na sukari paundi 25, mbali na chumvi, hamira na ng'ombe wa kuchinja waliotembezwa na msafara. Kwa kilo ni kama hivi: unga 68, nyama 11, kahawa 7, sukari 11. Chukua familia ya baba, mama na watoto wanne. Kila mtoto mhesabie nusu posho (hiyo ni kanuni ya darasani, si ya Marcy), upate posho nne kamili, ambazo ni kilo 388. Zimebaki 612 kwa kila kitu kingine duniani.

Namba hizo peke yake hazimwingii mtoto. Leta mfuko mmoja wa mchele wa paundi 20, ambao huko Portland karibu kila nyumba ya wenzetu unao. Ni kilo 9. Kila mtoto aukumbatie kwa dakika moja ya saa, wenzake wakihesabu. Kisha waambie unga wa mtu mmoja ni mifuko saba na nusu ya namna hiyo. Halafu gawanya kilo 68 kwa siku 110: ni gramu 618 kwa siku. Waulize nyumbani kwao unga wa ugali wa mlo mmoja ni kiasi gani na unatosha watu wangapi. Wengi watakwenda kumuuliza mama, na hiyo ndiyo kazi nzuri ya nyumbani kuliko karatasi yoyote ya kujaza.

Baada ya chakula, gawa kadi za mzigo. Makundi ya watoto wanne au watano, kila kundi gari lake. Tengeneza kadi 25 zenye jina la kitu na uzito: jembe la kukokotwa, shoka, msumeno, ekseli ya akiba, ndoo ya grisi, bunduki na risasi, sufuria, hema, mbegu, Biblia, kitanda, saa ya ukutani, kabati la bibi, jiko la chuma, fuawe ya mhunzi, pipa la maji. Uzito wa fanicha ukadirie mwenyewe na uwaambie ni makadirio. Maji hayakadiriwi, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 80 limekula kilo 80 kabla hujapima mbao zake.

Ndoo ya grisi watoto huitupa kwanza kwa kuwa hawaijui, na hilo ndilo kosa lenye mafunzo kuliko yote. Ndani mlikuwa na shahamu ya mnyama iliyochanganywa na lami ya msonobari, na ndoo ilining'inia chini ya gari, nyuma. Ekseli nyingi zilikuwa za mbao. Bila grisi, gurudumu lilikwaruza mbao mpaka ikawa moto na kupasuka, na katikati ya mbuga ya Nebraska hapakuwa na mti wa kuchonga nyingine. Kundi lililotupa grisi libaki na kabati la bibi mpaka Jumamosi ya pili, kisha liambiwe ekseli imevunjika. Litalitoa kabati lenyewe. Ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1849 nje ya Fort Laramie, ngome iliyokuwa njiani, palikuwa na malundo ya majiko, masanduku na nyama ya nguruwe iliyotupwa na watu waliojaza magari kupita kiasi walipoanza safari Missouri.

Mwishoni mwa kipindi uliza swali moja tu: watu wanakaa wapi? Watatazama ule mstatili uliojaa na hawataona nafasi. Wagonjwa, wazee na vichanga walipanda, wengine walitembea njia nzima. Na gari lenyewe halikuwa na springi, hata aliyepata nafasi mara nyingi alishuka mwenyewe.

Kuhusu turubai la juu, hapa Mswahili ana la kwake. Lilikuwa kitambaa kizito cha pamba kilichopakwa mafuta ya kitani kisipitishe mvua. Miaka hiyohiyo, viwanda vya pamba vya Massachusetts vilikuwa vinafuma kitambaa kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem walikipeleka Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Kitambaa hicho kiliingia bara na misafara ya Tabora na Ujiji, na jina lake limebaki mdomoni mwetu hadi leo: merikani. Kama una kipande, kipitishe mkono kwa mkono. Dakika tano zinatosha, usiufanye mkasa huu kuwa somo zima.

Jumamosi ya pili ni ya kamba na miguu. Njia ilikuwa ya maili 2,000 na ushei, chukua kilomita 3,200. Ukifanya sentimita 1 kuwa kilomita 2, unahitaji kamba ya mita 16, na mwendo wa siku nzuri, kilomita 24, unakuwa sentimita 12. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Usifunge mafundo, kwa sababu kila fundo linakula kamba na ukifika la mia umepoteza mita kadhaa, hesabu yote inakwenda kombo. Kamba inayorefuka ukiivuta, kama ya nailoni, usiitumie.

Kabla ya kutandaza kamba, toka nje na upime mita 50. Maksai alikwenda kilomita 3 kwa saa, ambayo ni mita 50 kwa dakika kamili. Watoto watembee mita hizo 50 kwa sekunde 60, si pungufu. Karibu wote watafika mapema na kulalamika kwamba ni polepole mno kuliko walivyodhani. Waache walalamike, kisha waambie: hivyo, saa nane kwa siku. Kwa mara ya kwanza wataelewa kwa nini mtoto wa miaka saba aliweza kuchuma maua, kubaki nyuma na kulikuta gari tena.

Sasa hesabu. Kilomita 3,200 kwa 24 ni siku 133 za mwendo. Ongeza siku moja ya mapumziko kila wiki, unapata 155. Ukiondoka Mei mosi unafika mwanzoni mwa Oktoba, kama hakuna mto uliofurika. Rudi kwenye posho ya Jumamosi iliyopita: ilikuwa ya siku 110. Usiwe umewaambia mapema, waione wenyewe. Siku 45 zimepelea, na kwa familia yetu ya posho nne huo ni upungufu wa kilo 111 za unga. Hapo kila kundi lipewe nafasi ya kupakia upya. (Kuwa mwadilifu na Marcy: yeye alihesabia safari ya kwenda California, na kufikia wakati wake vituo vya kununua chakula njiani vilikuwa vimeongezeka.)

Tandaza kamba ukutani au ukumbini. Mwanzo ni Independence, Missouri. Fort Laramie weka kwenye mita 5 na robo, mwamba wa Independence Rock mita 6.6, kipito cha South Pass mita 7.5, Fort Hall karibu mita 10, na Oregon City mwisho. Wahamiaji walikuwa na desturi ya kutaka kuufikia Independence Rock kufikia tarehe 4 Julai. Waambie watoto wahakikishe: Mei mosi hadi Julai 4 ni siku 64, toa mapumziko, zimebaki kama siku 55 za mwendo, mara sentimita 12. Inaangukia mita 6.6 barabara. Ukiona uso wa mtoto alama ya hamsini na tano inapogusa jina la mwamba, utajua kwa nini hupaswi kumfanyia hesabu hiyo.

Kisha waulize: kwa nini wasingeondoka Machi, wafike mapema? Jibu wanalotoa mara nyingi ni baridi. La kweli ni nyasi. Gari liliendeshwa na malisho, na mbuga haina nyasi za kumshibisha maksai mpaka mwishoni mwa Aprili. Na kwa nini wasingesubiri Juni? Theluji ya milimani, na nyasi zitakuwa zimeliwa na misafara iliyotangulia. Nafasi ilikuwa ya wiki chache tu. Msafara wa Donner, ulioelekea California mwaka 1846, ulichelewa kwa kufuata njia ya mkato, theluji ikaufungia kwenye milima ya Sierra Nevada, na karibu nusu ya watu wake hawakutoka. Ishia hapo. Kilichotokea kambini si cha watoto wa miaka tisa, ingawa mmoja wao atakuwa amekwisha kukisoma kwenye simu.

Neno juu ya vifo. Iko michezo ya darasani ambapo mtoto anavuta karatasi na kuambiwa "mdogo wako amefariki kwa kipindupindu". Usiicheze, hasa kwa darasa lako. Baadhi ya watoto hao, au wazazi wao, wametembea kweli na mizigo kichwani, na wengine kipindupindu wamekiona kambini. Sema mambo yalivyokuwa kwa sauti ya kawaida: ugonjwa uliua kuliko kitu kingine chochote, na miaka mibaya ilikuwa 1849 hadi 1852, kando ya mto Platte, ambako maelfu walichota maji na kujisaidia kwenye ukingo mmoja. Ugonjwa huohuo uliwaingia wenyeji. Wapawnee peke yao walipoteza zaidi ya watu 1,000 mwaka 1849. Baada ya ugonjwa, ajali: mtoto kuteleza chini ya gurudumu, kuzama mtoni, bunduki kufyatuka garini. Mtoto akitaka kusimulia safari ya kwao, asimulie. Usimwombe.

Vita je? Watauliza, maana sinema zimewajaza. Mwanahistoria John Unruh alihesabu kwamba kati ya 1840 na 1860 wahamiaji 362 waliuawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliuawa na wahamiaji, katika njia iliyopitiwa na mamia ya maelfu. Magari yalipangwa mduara jioni hasa ili kuwa zizi la mifugo. Mara nyingi zaidi watu hawa walifanya biashara: Washoshone na wengine wa njiani waliuza samoni na farasi, na wenyeji wa mitoni waliwavusha wahamiaji kwa malipo.

Kama watoto wamechoka na hesabu, wape siagi. Familia zenye ng'ombe wa maziwa zilitundika ndoo ya malai garini asubuhi, na mtikisiko wa njia uliisukasuka mpaka jioni ikawa na siagi. Chukua krimu nzito isiyo na vidhibiti (soma lebo, zenye vidhibiti hukataa kushikana), mililita 250 kwenye chupa ya nusu lita yenye mfuniko mzuri. Iwe imekaa nje ya friji kama saa moja. Ikiwa baridi sana mtatikisa nusu saa, ikiwa ya moto itakuwa ya mafuta na haitagandamana. Chupa ikijazwa pomoni hakuna kitakachotokea, inahitaji hewa. Watikise kwa zamu dakika 10 hadi 15. Kwanza itakuwa povu zito lisilosogea, na hapo wengi hudhani imeharibika na kuacha. Endeleeni, ghafla mtasikia maji yanachapa. Mtoto kutoka Burundi au Masisi huenda amemwona bibi akisukasuka kibuyu. Nyama ya nguruwe usilete, huenda una watoto Waislamu, na siagi inatosha kufikisha ujumbe.

Jumamosi ya tatu, rudi kwenye mwisho wa kamba. Oregon City ipo kwenye maporomoko ya mto Willamette, na hapo palikuwa na Waclackamas wakivua samoni karne nyingi kabla ya gari la kwanza. Kusini yake, bonde lote lilikuwa la Wakalapuya. Homa iliyoanza 1830, ambayo wataalamu wengi wanaona ilikuwa malaria, iliwaua kwa wingi wa kutisha. Msafara mkubwa wa kwanza wa magari, wa watu wapatao elfu moja, ulifika 1843 na kulikuta bonde likionekana tupu. Neno malaria huhitaji kulieleza kwa darasa lako.

Hapa andika miaka miwili ubaoni: 1850 na 1855. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya Oregon: mume na mke ekari 640, nusu kwa jina la mke, mwanamume mseja ekari 320. Mkataba ambao Wakalapuya na majirani zao waliutia saini kuliachia bonde ulikuwa wa Januari 1855. Waulize watoto kipi kilitangulia, na waache wafikiri. Ekari 640 ni zaidi ya viwanja 350 vya mpira. Mwaka 1856 wenyeji walihamishiwa Grand Ronde, eneo walilotengewa, na kizazi chao kipo hadi leo. Oregon ina makabila tisa yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho, na tangu 2017 sheria ya jimbo inaagiza historia yao ifundishwe. Yapo masomo yaliyoandaliwa pamoja na makabila hayo. Yatumie, na usiwavalishe watoto manyoya.

Sheria hiyo ya ardhi ilikuwa kwa raia Weupe, na kwa waliozaliwa na mzazi mmoja mwenyeji. Mtu Mweusi hakuwamo. Tangu 1844 Oregon ilikuwa na sheria za kumzuia Mweusi kukaa, katiba ya 1857 ikairudia marufuku hiyo, na kipengele hicho hakikufutwa mpaka 1926. Watoto wako wana haki ya kulijua hilo kuhusu jimbo wanaloishi. Wape na jina: George Bush, Mweusi aliyekuja kwa gari na familia yake mwaka 1844. Kwa sababu ya sheria hiyo yeye na wenzake walivuka mto Columbia wakaenda kaskazini, ambako sasa ni jimbo la Washington. Majirani walimwombea Bungeni, na mwaka 1855 alipewa ekari zake 640 kwa sheria maalumu.

Kwa kusoma, chukua shajara ya Amelia Stewart Knight, aliyetoka Iowa na mumewe na watoto saba mwaka 1853. Anaandika mvua, matope, nguo zisizokauka, na siku ambayo binti yao Lucy alisahaulika nyuma. Alikuwa mjamzito safari nzima, na mtoto wa nane alizaliwa mwishoni kabisa, ndipo habari inapotajwa. Wape kurasa tatu, kisha waulize nini hakimo. Shajara nyingi za wakati huo huwataja wenyeji kwa matusi, kwa hiyo chagua kurasa mapema.

Jihadhari na kitu kimoja cha mwisho: nyumba za matofali ya nyasi. Zinapendeza kujengwa na watoto, lakini ni za Nebraska na Kansas, baada ya sheria ya ardhi ya 1862, mahali pasipo miti. Oregon walikofikia hapakukosa miti, walowezi walijenga kwa magogo.

Ukipata gari la kuwabeba, wapeleke Oregon City wayaone maporomoko. Ni kama kilomita 20 kutoka katikati ya Portland. Waambie wabebe kamba na wakupimie umbali huo kwa mwendo wa maksai: haufiki alama moja.